Wilmeth Sidat-Singh: Jina la Kulelewa na Uwanja Uliomkana

Wahenga walinena kuwa jina jema hung'ara gizani. Hawakutueleza, hata hivyo, mambo huwaje pale ambapo jina ndilo giza lenyewe, likimficha mwenye kuitwa kwalo. Swali hili linatukabili tunapoyachunguza maisha ya Wilmeth Sidat-Singh, mwanamichezo Mmarekani Mweusi aliyetamba katika viwanja vya vyuo vikuu vya Marekani katika miaka ya 1930. Makala haya yanasimulia maisha hayo kwa muhtasari. Yanadhamiria kuonyesha namna jina moja lilivyomfungulia kijana milango, na namna walionufaika kwa jina hilo walivyomwacha peke yake milango ilipofungwa.

Wilmeth alizaliwa mwaka wa 1918 jijini Washington. Wazazi wake, Elias Webb na Pauline Miner, wote walikuwa Wamarekani Weusi, naye akaitwa Wilmeth Webb. Baba yake, aliyekuwa mfamasia, aliaga dunia Wilmeth akiwa bado mtoto. Baadaye mama yake aliolewa na Samuel Sidat-Singh, mtu wa asili ya Kihindi aliyekuwa akisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Howard. Bwana huyu alimchukua mtoto akamlea kama wa kumzaa, akampa na jina la ukoo wake. Kisha familia ilihamia mtaa wa Harlem, New York, ambako daktari aliendesha shughuli zake za matibabu. Ni muhimu msomaji alikumbuke jambo hili: jina Sidat-Singh halikuwa hila ya kumhadaa mtu yeyote. Lilikuwa tunda la mapenzi ya mzazi kwa mwana.

Katika shule ya upili ya DeWitt Clinton, kijana alisifika kwa mpira wa kikapu, na mwaka wa 1934 timu yake ilitwaa ubingwa wa shule za umma za New York. Mwaka uliofuata alijiunga na Chuo Kikuu cha Syracuse kwa ufadhili wa mchezo huo huo. Huko, kocha msaidizi Roy Simmons alimwona akicheza kandanda ya Kimarekani na wanafunzi wenzake kwa kujiburudisha, akatambua kipawa chake na kumshawishi aingie katika timu ya chuo.

Kwa faida ya msomaji aliyezoea kandanda yetu, yafaa tueleze kidogo. Mchezo huo huchezwa kwa mpira wenye umbo la yai, ambao hubebwa na kurushwa kwa mikono. Mchezaji muhimu kuliko wote ni yule apokeaye mpira mwanzoni mwa kila shambulizi, akaamua kwa kufumba na kufumbua amrushie nani. Wamarekani humwita kwotabeki. Katika mfumo wa zama zile, Sidat-Singh alihesabiwa kuwa halfubeki, lakini kazi aliyoifanya ndiyo ile ya kwotabeki wa leo: kupokea mpira, kuusoma uwanja na kurusha pasi. Kazi hiyo ilichukuliwa kuwa ya akili na uongozi, na kwa miongo mingi Wazungu wa Marekani walishikilia kwamba mtu Mweusi hana sifa hizo. Hapo ndipo uanzilishi wake ulipo. Kila pasi iliyomfikia mwenzake ilikuwa hoja dhidi ya dhana hiyo.

Hata hivyo, hoja hiyo haikusikika kwa uwazi, kwa kuwa magazeti yalimwita Mhindi. Ngozi yake haikuwa nyeusi sana, na jina lake likawapa watu maelezo waliyoyataka. Chuo chake hakikusahihisha kosa hilo. Ukimya huo ulikuwa na faida: vyuo vya majimbo ya kusini, ambako sheria na desturi ziliwatenga Weusi, havikukubali kushindana na timu yenye mchezaji Mweusi. Mhindi aliweza kuvumiliwa. Mweusi hakuvumiliwa.

Mnamo Oktoba 1937, Syracuse ilisafiri hadi Baltimore kupambana na Chuo Kikuu cha Maryland. Kabla ya mchuano, mwanahabari Mweusi Sam Lacy alichapisha katika gazeti la Washington Tribune kwamba Sidat-Singh hakuwa Mhindi, bali mwana wa Webb wa Washington. Maryland ikakataa katakata kucheza iwapo kijana huyo angeingia uwanjani. Syracuse ingeweza kugoma na kurudi nyumbani. Haikufanya hivyo. Ilikubali sharti, Sidat-Singh akawekwa kando, na timu yake ikafungwa 13 kwa 0. Alifungiwa nje katika mji ulio karibu kabisa na alikozaliwa.

Wapo wanaomlaumu Lacy kwa kumfichua kijana wa watu. Lawama hiyo si nyepesi, kwani aliyeumia siku ile hakuwa mkuu wa chuo wala kocha, bali mwanafunzi wa miaka 19. Lakini tukitafakari kwa makini, tutaona kwamba barakoa iliyovuliwa ilikuwa imekilinda chuo zaidi ya kumlinda kijana. Madhali alidhaniwa Mhindi, ushindi wake haukuhesabiwa kuwa wa watu wake, na ubaguzi uliendelea bila kuulizwa swali. Lacy alisema kweli. Waliotenda dhuluma ni wale walioisikia kweli hiyo wakaigeuza kuwa hatia.

Jibu la Sidat-Singh lilitoka mikononi mwake. Mwaka wa 1938, safari hii katika uwanja wa Syracuse, aliruhusiwa kucheza dhidi ya Maryland, na timu yake ikashinda 53 kwa 0. Mwezi huo huo wa Oktoba, katika mchuano dhidi ya Cornell, Syracuse ilikuwa nyuma muda ukielekea kwisha. Sidat-Singh alirusha pasi tatu zilizozaa mabao katika dakika za lala salama, na Syracuse ikashinda 19 kwa 17. Grantland Rice, mwandishi wa michezo aliyeheshimiwa kuliko wengi nchini humo, alimmiminia sifa.

Alipohitimu mwaka wa 1939, sifa hizo hazikumfaa kitu katika mchezo huo. Ligi kuu ya kulipwa haikuwa na mchezaji hata mmoja Mweusi kuanzia mwaka wa 1934 hadi 1946. Akarejea kwenye mpira wa kikapu, akazichezea timu mashuhuri za Weusi, zikiwemo Harlem Renaissance na Washington Bears. Alihudumu pia katika polisi ya Washington. Vita Vikuu vya Pili vilipopamba moto, alijiunga na mafunzo ya urubani ya Tuskegee, yaliyotengwa kwa ajili ya Weusi, akafuzu kuwa rubani wa ndege za kivita.

Tarehe 9 Mei 1943, akiwa katika zoezi kutoka kambi ya Selfridge jimboni Michigan, injini ya ndege yake iliharibika juu ya Ziwa Huron. Aliruka kwa mwavuli, akaangukia majini na kufa maji. Mwili wake ulipatikana baada ya majuma kadhaa, ukazikwa katika makaburi ya taifa ya Arlington. Alikuwa na umri wa miaka 25. Nchi iliyomkatalia uwanja wa mpira haikumkatalia kufa akiitumikia.

Heshima zilichelewa. Mwaka wa 2005, Syracuse ilistaafisha jezi yake ya mpira wa kikapu, nambari 19. Mwezi wa Novemba 2013, miaka 76 baada ya siku ile ya Baltimore, Chuo Kikuu cha Maryland kiliwaomba radhi jamaa zake hadharani, timu hizo mbili zilipokutana tena.

Sisi wanafunzi wa fasihi huzoea kuyachambua majina ya wahusika tukitafuta siri za watunzi. Maisha ya Sidat-Singh yanatukumbusha kwamba hata nje ya vitabu jina husomwa, na wasomaji wake hulitia maana inayowafaa wao. Yeye mwenyewe alikuwa Webb kwa damu na Sidat-Singh kwa malezi, na hakuna kati ya majina hayo lililokuwa la uongo. Uongo ulikuwa wa waliohitaji awe na moja tu.