Mary Anderson: Mama aliyebuni waipa, akafa bila kuvuna senti

Mvua za Novemba zikianza kumwagika Kasansa, kule Mpimbwe mkoani Katavi, ndipo dereva wa gari la zamani anapokumbuka waipa. Kiangazi kizima zimekaa juani zikipigwa vumbi, hakuna aliyezijali. Sasa anawasha swichi: moja inacheza kama jino bovu, nyingine inapita bila kugusa kioo. Mbele haoni kitu.

Iwe pikapu ya kubebea mpunga au gari la spoti la miaka ya 70, shida ni ile ile. Na aliyeipatia dawa zaidi ya miaka 120 iliyopita hakuwa fundi wala injinia. Alikuwa mama mmoja wa jimbo la Alabama, Marekani, aitwaye Mary Anderson.

Mtoto wa shambani

Mary alizaliwa Februari 19, 1866, kwenye shamba kubwa la Burton Hill, wilaya ya Greene. Baba yake alifariki mwaka 1870, Mary akiwa na miaka minne tu.

Mwaka 1889 yeye, mama yake na dada yake walihamia Birmingham, mji uliokuwa unakua kwa kasi. Huko wakajenga jengo la nyumba za kupangisha, likaitwa Fairmont. Miaka minne baadaye Mary akaenda mbali zaidi, hadi Fresno, California, akasimamia ranchi ya ng'ombe na shamba la mizabibu. Mwaka 1898 alirudi Birmingham.

Hakuolewa na hakupata mtoto. Alikuwa mtu wa kusimamia mali na kufanya hesabu zake mwenyewe, jambo ambalo wanawake wengi wa zama zile hawakupewa nafasi ya kulifanya.

Safari ya tramu

Mwanzoni mwa karne ya 20, Mary alikwenda kutembea New York. Ilikuwa majira ya baridi, na mvua iliyochanganyika na barafu ilikuwa inashuka. Akapanda tramu.

Kama inavyosimuliwa, dereva wa tramu alikuwa hajiwezi. Kioo cha mbele kilijaa barafu, ikabidi akifungue ili aone njia. Upepo wa baridi ukawa unaingia moja kwa moja, unampiga yeye na abiria wake. Wenzake walizoea hali hiyo, waliona ndiyo kazi yenyewe.

Mary hakuizoea. Alijiuliza kwa nini kioo kisifutwe kwa nje huku dereva amekaa ndani. Aliporudi Birmingham akachora kifaa chake, kisha akampa mtu amtengenezee cha mfano.

Siri ilikuwa kwenye kukandamiza

Kifaa chenyewe kilikuwa rahisi. Ndani ya gari kulikuwa na mkono wa kushika. Dereva akiuvuta, mkono mwingine wenye mpira unapita juu ya kioo kwa nje, unasukuma maji na theluji.

Lakini kufuta tu hakutoshi. Mpira usipoukandamiza uso wa kioo, unaacha michirizi au unaelea juu ya maji. Mary aliliona hilo mapema, akaweka springi na uzito wa kusawazisha ili mpira ushike kioo muda wote. Akafanya pia kifaa kiweze kuchomolewa hali ya hewa ikiwa nzuri.

Aliomba hataza, yaani haki ya kulinda uvumbuzi, Juni 18, 1903. Siku mbili kabla, Juni 16, kampuni ya Ford ilikuwa imeandikishwa rasmi. Novemba 10 mwaka huo huo Mary akapewa hataza namba 743,801, ya miaka 17.

Hakuwa peke yake. Watu wengine nao walikuwa wanahangaika na kioo cha mvua miaka ile ile. Ila kifaa chake ndicho kinachotajwa sana kuwa cha kwanza kufanya kazi sawasawa.

Alikataliwa

Mwaka 1905 alijaribu kukiuza kupitia kampuni moja ya Montreal, Kanada. Jibu likawa kwamba hakina thamani ya kibiashara. Inasimuliwa pia kwamba wapo waliodai kitu kinachopita pita mbele ya macho kingemchanganya dereva.

Ukifikiria vizuri, wakati wenyewe ulikuwa bado. Magari yalikuwa machache, na mengi hayakuwa hata na kioo cha mbele. Gari la Ford aina ya Model T, lililowafikisha watu wa kawaida kwenye usukani, lilitoka mwaka 1908.

Mwaka 1920 hataza yake ikaisha muda. Kuanzia hapo yeyote aliruhusiwa kutumia wazo hilo bila kumlipa. Na kweli, mwaka 1922 kampuni ya Cadillac ikawa ya kwanza kuweka waipa kwenye magari yake yote kama kifaa cha kawaida. Miaka miwili tu ilimkosesha Mary mavuno yake.

Waipa zenyewe ziliendelea kubadilika. Zile za mkono zikafuatiwa na zilizovutwa na hewa ya injini, ambazo gari likipanda mlima kwa nguvu zilikuwa zinazubaa. Baadaye umeme ukashika kazi.

Wazo likafika Afrika Mashariki

Mwaka 1971 na 1973, gari la spoti la Datsun 240Z lilishinda mbio za Safari, zilizokuwa zinafanyika wakati wa Pasaka, msimu wa mvua na tope. Gari likiwa na kasi kiasi gani, dereva asipoona mbele haendi popote. Magari ya aina hiyo leo ni mazee, na waipa zake zimechoka nayo.

Fundi anayezitengeneza bado anafuata hesabu ile ile ya Mary. Waipa ikicheza, anaanza kwenye shina la mkono: anafungua nati, anasafisha meno yanayoshika ekseli ndogo, anarudisha na kukaza. Meno yakiwa yameliwa, mkono unabadilishwa, maana kukaza zaidi hakusaidii.

Mkono ukiwa imara lakini waipa haifuti, anaangalia springi. Ikilegea, mpira haukandamizi kioo. Mpira ukikauka na kupasuka kwa jua, unabadilishwa. Na kama mikono yote miwili inacheza pamoja, mara nyingi bushi za vyuma vinavyoiunganisha chini ya kioo zimeisha.

Kioo chenye vumbi nacho kimwagiwe maji kwanza. Waipa ikipita juu ya mchanga mkavu inakwaruza kioo, na usiku taa za gari linalokuja zinatawanyika kwenye mikwaruzo hiyo.

Heshima ilichelewa

Mary aliishi maisha marefu akisimamia nyumba zake za Fairmont. Aliona magari yakijaa barabarani, yote yakiwa na kifaa alichoambiwa hakina soko. Alifariki Juni 27, 1953, huko Monteagle, jimbo la Tennessee, akiwa na miaka 87.

Mwaka 2011, miaka 58 baada ya kifo chake, jina lake liliingizwa kwenye Jumba la Kitaifa la Wavumbuzi la Marekani. Pesa hakuipata. Kumbe hata jina lilimfikia akiwa kaburini.

Jioni mvua ikiwashika njiani kati ya Kibaoni na Kasansa, dereva na abiria wake hufika salama kwa sababu mkono mwembamba umekandamiza kipande cha mpira kwenye kioo. Kazi ya springi ile bado ni ile ile aliyoifikiria Mary Anderson mwaka 1903.