Coltrane alipotimuliwa bendi

John Coltrane alizaliwa North Carolina, Marekani, mwaka 1926. Alifiwa na baba akiwa na miaka 12, akajishikiza kwenye muziki mpaka saksafoni ikamtoa. Ila unga nao ukamkamata, na mwaka 1957 Miles Davis akamtimua kwenye bendi. Hapo wengi wetu tungeishia, tuseme ukweli. Yeye alirudi Philadelphia kwa mama yake, akaacha unga, na kabla mwaka haujaisha akarekodi Blue Train. Miles akamrudisha, ndo tukapata Kind of Blue, 1959. A Love Supreme, shukrani yake kwa Mungu, aliirekodi Desemba 1964 kwa siku moja. Siku moja, jamani! Kama simu yako ina nafasi ya albamu moja tu ya jazi, weka hiyo. Alifariki 1967 kwa kansa ya ini, ana miaka 40.