Léon Foucault na Somo la Mzunguko Karagwe

Léon Foucault alizaliwa Paris, Ufaransa, mwaka 1819. Alikuwa dhaifu wa mwili, akasomeshwa zaidi nyumbani. Lakini mikono yake ilikuwa hodari wa kuunda vyombo. Alianza kusomea udaktari, akauacha kwa kutoweza kuvumilia kuona damu. Hakuwa bingwa wa hisabati. Elimu aliitafuta kwa kutengeneza vitu na kuvitazama vikifanya kazi.

Mwaka 1851 alitundika katika jumba la Panthéon tufe la kilo 28 kwa waya wa meta 67, akaliacha libembee. Njia ya tufe ilionekana kugeuka nyuzi 11 hivi kila saa. Kumbe ni dunia iliyokuwa ikigeuka chini yake.

Hapa tunawatahadharisha walimu wenzetu wa Karagwe na Kyerwa. Mgeuko huo hupungua kadiri tunavyoikaribia Ikweta, nasi tuko yapata nyuzi moja na nusu tu kusini mwake. Pale Kayanga tufe lingehitaji siku 38 hivi kukamilisha duara. Mwanafunzi akilitazama kipindi kizima hataona badiliko, na huenda akadhani kitabu kimemdanganya.

Foucault hakuishia kwenye pendulamu. Mwaka 1852 aliunda jairoskopu: gurudumu zito liendalo kasi, mhimili wake ukiwa huru. Pasipo nguvu ya nje ya kuupindua mhimili, momenta ya mzunguko huhifadhiwa, na mhimili hudumu kuelekea upande uleule ingawa dunia yageuka. Kanuni hii haichagui mahali.

Basi na tuanzie hapo. Mwanafunzi aketi juu ya ubao uliotundikwa kwa kamba moja imara, ashike ncha mbili za ekseli ya gurudumu la baiskeli lililolala na linalozunguka kwa kasi. Akiligeuza juu chini, mwili wake utaanza kuzunguka kufuata upande ambao gurudumu lilizungukia mwanzo. Jumla ya momenta haikubadilika; imegawanywa upya kati ya gurudumu na mtu. Darasa litabiri kwanza upande huo, kisha lishuhudie.

Foucault alipewa Nishani ya Copley mwaka 1855, akapima kasi ya nuru mwaka 1862, akafariki mwaka 1868 akiwa na miaka 48. Kwake tunajifunza kwamba jaribio hupimwa kwa kile ambacho mwanafunzi ataweza kukiona pale alipo.