Michael Wood: Tabibu Aliyemfuata Mgonjwa

Mkazi wa Lucky Summer, mtaa wa mashariki mwa Nairobi ulio jirani ya Baba Dogo na Korogocho, anapougua usiku wa manane hapimi umbali kwa kilomita. Huupima kwa nauli, kwa usalama wa njia na kwa saa zilizosalia kabla ya matatu ya kwanza. Hospitali Kuu ya Kenyatta imo katika jiji lilo hilo, ila kwake yaweza kuwa mbali mithili ya ng'ambo. Umbali huu baina ya mgonjwa na tabibu ndio uliomshughulisha Michael Wood katika sehemu kubwa ya maisha yake.

Wood alikuwa daktari mpasuaji Mwingereza aliyehamia Kenya baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Alifunzwa upasuaji wa kurekebisha viungo na sura na Archibald McIndoe, mzaliwa wa New Zealand aliyepata sifa kwa kuwatibu marubani walioungua vitani. Katika Afrika Mashariki, Wood aliwakuta watu wenye makovu ya moto, midomo iliyopasuka tangu kuzaliwa na viungo vilivyolemazwa na ukoma. Wengi wao wangaliweza kusaidiwa. Tatizo lilikuwa kwamba zama hizo daktari mmoja alikadiriwa kuhudumia watu 30,000, na barabara nyingi hazikupitika wakati wa masika.

Mwaka 1956, shambani kwa Wood kwenye miteremko ya Kilimanjaro, yeye, McIndoe na Mmarekani Tom Rees walilitafakari jambo hili. Ikiwa mgonjwa hawezi kumfikia mpasuaji, basi mpasuaji hana budi kumfuata. Mwaka 1957 shirika ambalo baadaye lilijulikana kwa jina la AMREF likaanzishwa, nalo likafanya Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, kuwa kitovu cha safari zake. Wood mwenyewe alijifunza urubani. Redio za mawasiliano ziliziunganisha hospitali za misheni na za serikali na Nairobi, hata muuguzi aliyekuwa peke yake nyikani akaweza kueleza hali ya mgonjwa, akapewa shauri au akaletewa ndege. Mapema katika miaka ya 1960 kliniki za magari nazo ziliongezwa.

Haifai, hata hivyo, kumchora Wood kana kwamba hakuwa na doa. Alikuwa mtu wa tabaka la walowezi, na alishika uongozi katika Chama cha Capricorn, kilichotaka watu wa rangi zote waishi pamoja ilhali haki ya kura ifuate masharti ya elimu na mali. Wanasiasa wengi Waafrika waliukataa mpango huo, nao uhuru ulipokuja haukufuata njia hiyo. Capricorn ilififia, kazi ya tiba ilidumu, kwa kuwa haja yake haikuondoka na bendera ya mkoloni.

Lakini ndege nayo ilikuwa na upungufu wake. Mpasuaji alitua asubuhi, akapasua, kisha akaruka kurudi Nairobi. Kidonda kilibaki na muuguzi wa kijijini. Iwapo muuguzi huyo hakufunzwa vyema, kazi ya kisu iliweza kuharibika ndani ya siku chache. Zaidi ya hayo, maradhi mengi yaliyowaua watoto hayakuhitaji kisu. Yalihitaji chanjo, maji safi na chakula. Ndiyo sababu huduma za mama na mtoto zilianzishwa, na kufikia mwaka 1975 kuwafunza wahudumu wa afya wa mashambani na kuwaandalia vitabu kulikuwa sehemu kubwa ya kazi ya shirika. Mwaka 1985, Wood alishirikiana na David Campbell kuanzisha FARM-Africa ili kuwasaidia wakulima wadogo na wafugaji. Mpasuaji alikuwa amesafiri kutoka kwenye jeraha hadi kwenye chungu cha jikoni.

Wood alifariki mwaka 1987. AMREF ilitunukiwa Tuzo ya Hilton ya huduma za kibinadamu mwaka 1999, na mwaka 2014 ikachukua jina la Amref Health Africa.

Wengi humkumbuka Wood kwa ndege, kwani ndege huonekana na kusifika. Urithi wake mzito zaidi hauna mabawa. Mwaka 2023 serikali ya Kenya ilizindua mpango wa wahudumu 100,000 wa afya ya jamii, wenye kazi ya kuzuru kaya nyumba kwa nyumba. Katika mitaa kama Lucky Summer, ambako ndege haina pa kutua, mhudumu wa namna hiyo hufika kwa miguu. Akiwa amefunzwa, ana dawa na analipwa kwa wakati, umbali hupungua. Akikosa hayo, mgonjwa hubaki mbali na tabibu hata akiwa anaziona taa za jiji.