Alan Turing, Mwanahesabu Aliyeipima Akili kwa Lugha

Alan Turing alizaliwa London tarehe 23 Juni 1912. Wenzetu wa hesabu na kompyuta humhesabu kuwa wao. Mimi, mwanafunzi wa isimu hapa Kalemie, naona kwamba nasi wa lugha tuna fungu letu kwake.

Alisomea hesabu King's College, Cambridge. Mwaka 1936, akiwa na miaka 24, umri nilio nao sasa, ilichapishwa makala yake kuhusu mashine ya kufikirika: ina utepe usio na mwisho, inasoma alama moja moja, inaandika au kufuta, kisha inasogea. Kwa kanuni hizo chache alieleza nini kinachoweza kukokotolewa, akathibitisha pia kwamba yapo maswali ambayo mashine ya namna hiyo haitayajibu kamwe.

Mwaka huohuo alikwenda Princeton, Marekani, kusomea shahada ya uzamivu chini ya Alonzo Church. Wengi huipita haraka miaka hii miwili, lakini mimi naiona muhimu. Tasnifu yake haikukaa kuisifu ile mashine. Ilichunguza kilicho nje ya uwezo wake. Aliwaza mashine ambayo, ikifika pasipokokotoleka, inauliza na kupewa jibu, kama mtu aendavyo kwa mpiga ramli. Alihitimu mwaka 1938, akarudi Uingereza.

Vita vilipoanza mwaka 1939 aliingia Bletchley Park kufumbua maandishi ya siri ya mashine ya Kijerumani iitwayo Enigma, akiendeleza kazi ya wanahesabu wa Poland. Mtambo alioubuni ulihitaji kwanza mtu akisie maneno yaliyofichwa katika ujumbe, kwa mfano yale ya taarifa za hali ya hewa. Hapo wajuzi wa Kijerumani walikuwa na kazi sawa na wanahesabu.

Mwaka 1950, akiwa Manchester, aliuliza kama mashine inaweza kufikiri. Alipendekeza jaribio: mtu aulize maswali kwa maandishi bila kuwaona wanaomjibu, kisha aseme yupi ni mtu na ipi ni mashine. Basi akili ikapimwa kwa mazungumzo.

Mwaka 1952 mahakama ilimtia hatiani kwa uhusiano na mwanamume, jambo lililokuwa jinai Uingereza. Alikubali matibabu ya homoni ili asifungwe, akanyimwa tena kazi za siri. Tarehe 7 Juni 1954 alikufa kwa sumu ya sayanidi, akiwa na miaka 41. Msamaha wa kifalme ulitolewa mwaka 2013.

Swali lake limebaki kwa wanafunzi wa uzamivu wanaotafiti akili unde leo, nami naongeza langu: mazungumzo hayo ni ya lugha gani? Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa nchini Kongo, lakini Kiswahili chetu cha batoto, si watoto, chenye Kifaransa ndani yake, kimeandikwa kidogo sana. Mashine inayomwelewa mtu wa Paris na kumshindwa mvuvi wa Ziwa Tanganyika haijafaulu jaribio hilo. Kumrekodi mvuvi huyo, kuandika maneno yake jinsi anavyoyatamka na kuchambua sarufi yake si kazi ya wanahesabu. Wenzangu mnaochagua mada za tasnifu mwaka huu, kazi hiyo ni yetu.