Geoffrey Milne

Geoffrey Milne (alifariki 1942) alikuwa mtaalamu wa udongo kutoka Uingereza aliyefanya utafiti wake mkuu nchini Tanganyika (leo sehemu ya Tanzania). Anajulikana duniani hasa kwa dhana ya katena, yaani mfuatano wa aina za udongo kutoka juu ya kilima hadi bondeni.

Kazi huko Amani

Milne alikuwa mwanakemia wa udongo katika Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Afrika Mashariki kilichokuwa Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, mkoa wa Tanga. Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti mahali hapo mwaka 1902, na Waingereza waliifufua baada ya Vita Kuu ya Kwanza.

Mwezi Mei 1932 wanakemia wa udongo wa Afrika Mashariki walikutana Amani. Kazi kubwa iliyofuata ilikuwa kutengeneza ramani moja ya udongo wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Ramani hiyo ya awali ilitolewa mwaka 1936. Milne ndiye aliyeikusanya, akishirikiana na V. A. Beckley, G. H. Gethin Jones, W. S. Martin, G. Griffith na L. W. Raymond.

Dhana ya katena

Ugumu wa ramani hiyo ulikuwa kwamba katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki udongo hubadilika ndani ya mita mia chache tu. Ramani ya eneo kubwa haiwezi kuonyesha kila kipande. Hata hivyo, mabadiliko hayo hurudiwa kwa utaratibu uleule kilima baada ya kilima. Mwaka 1935 Milne alipendekeza mfuatano mzima uhesabiwe kuwa kitu kimoja katika ramani. Aliuita "katena", neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo.

Sababu kubwa ya mfuatano huo ni maji. Juu ya mteremko maji hupita kwa urahisi, na chuma kilichomo katika udongo huupa rangi nyekundu au kahawia. Mvua husomba chembe laini na virutubisho kuelekea chini. Bondeni maji hutuama, na udongo huwa wa kijivu au mweusi.

Mfano wa Usukuma

Mnyororo wa namna hii huonekana vizuri katika nchi ya Wasukuma, kusini mwa Ziwa Viktoria. Kuanzia Nyegezi, pembeni mwa jiji la Mwanza, hadi Misungwi na kuendelea, vilima vyenye mawe makubwa ya matale hufuatwa na miteremko ya kichanga, kisha mabonde.

Wakulima Wasukuma walikuwa na majina ya aina hizo za udongo kabla ya wataalamu kufika. Luseni ni kichanga cha mteremkoni: ni rahisi kulima kwa jembe la mkono, lakini huchoka upesi. Itogolo ni udongo wenye tabaka gumu chini yake. Mbuga ni udongo mweusi wa mfinyanzi ulioko bondeni. Una rutuba zaidi, lakini hunata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Kwa hiyo pamba na mihogo hufaa mteremkoni, na mpunga hulimwa katika majaruba ya chini. Ushauri mmoja wa mbolea au mbegu kwa wilaya nzima hauwezi kufaa mashamba yote hayo. Neno "mbuga" lenyewe liliingia katika maandishi ya kitaalamu ya Kiingereza kuhusu udongo.

Utafiti kuhusu Bukoba

Mwaka 1938 Milne alichapisha makala kuhusu rutuba ya udongo wa Bukoba, upande wa magharibi wa ziwa. Huko vibanja vya migomba na kahawa vyenye mazao mengi hupakana na rweya, yaani nyanda za nyasi ambapo mazao hustawi kwa shida. Udongo wa asili katika sehemu zote mbili umelowa mvua nyingi kwa muda mrefu na kupoteza virutubisho vyake. Tofauti imeletwa na kazi ya watu: kwa vizazi vingi Wahaya walibeba nyasi kutoka rweya, wakaweka samadi ya ng'ombe, majivu na taka za nyumbani kibanjani. Rutuba ya kibanja ilitengenezwa, na sehemu yake ilitoka rweya. Hivyo ng'ombe wakipungua, kibanja nacho hudhoofika.

Safari na kifo

Kuanzia Desemba 1935 hadi Februari 1936 Milne alisafiri katika sehemu mbalimbali za Tanganyika akichunguza udongo, uoto na umbo la nchi. Hakuiona taarifa ya safari hiyo ikichapishwa: ilitoka mwaka 1947 katika jarida la ekolojia la Uingereza, miaka 5 baada ya kifo chake.

Urithi

Dhana ya katena hufundishwa hadi leo katika masomo ya udongo, jiografia na kilimo. Jarida la kimataifa la sayansi ya udongo liitwalo Catena, lililoanzishwa miaka ya 1970, lina jina hilohilo.