Edward Appleton: Mwanasayansi aliyelipima anga kwa sauti inayofifia

Jua linapozama nyuma ya vilima vya Kigali, redio ya masafa ya kati au masafa mafupi iliyowashwa katika nyumba moja ya Niboye, wilayani Kicukiro, hubadilika tabia. Stesheni ambazo mchana hazikusikika kabisa hujitokeza moja baada ya nyingine kutoka nchi za mbali. Sauti huja kwa nguvu, hudhoofika hadi ikawa mnong'ono, kisha hurejea kana kwamba mtangazaji alitoka chumbani kidogo na kurudi. Waliokulia na redio za betri wanaijua vyema hali hiyo, na aghalabu lawama ilikuwa ya betri.

Betri haikuwa na kosa. Chanzo kiko juu zaidi ya mawingu, na mtu aliyekithibitisha ni Mwingereza Edward Victor Appleton, aliyezaliwa tarehe 6 Septemba 1892 katika mji wa viwanda wa Bradford. Baba yake alifanya kazi katika ghala la bidhaa. Kwa akili yake kijana huyo alipata ufadhili wa masomo hadi Chuo Kikuu cha Cambridge, ambako alihitimu fizikia mwaka 1914. Kisha vikaja Vita Vikuu vya Kwanza, naye akatumikia kikosi cha wahandisi wa jeshi akiwa ofisa wa mawasiliano. Huko ndiko alikovutiwa na redio, na aliporudi Cambridge hakuiacha tena.

Wakati huo redio ilikuwa na kitendawili kisichoteguliwa. Mwaka 1901 Guglielmo Marconi alitangaza kuwa amenasa ishara iliyovuka bahari ya Atlantiki, ilhali mawimbi husafiri kwa mstari ulionyooka na dunia ni mviringo. Mwaka uliofuata Oliver Heaviside wa Uingereza na Arthur Kennelly wa Marekani, kila mmoja kivyake, walikisia kwamba huko juu pana tabaka lenye chaji za umeme linalorudisha mawimbi ardhini. Kwa zaidi ya miaka 20 kisio hilo halikuwa na ushahidi wa moja kwa moja.

Wapenzi wa redio wa ridhaa, wale wanaorusha na kupokea kwa mapenzi tu bila ujira, hawakusubiri ushahidi. Walikuwa wameachiwa mawimbi mafupi ya chini ya mita 200, ambayo wakubwa wa biashara waliyaona hayana thamani. Desemba 1921 ishara yao kutoka Connecticut, Marekani, ilisikika Scotland. Masikio yalitangulia nadharia.

Appleton alianza na jambo ambalo wengine waliliona kero tu. Ishara ya stesheni ya London, ilipopokewa Cambridge, ilikuwa tulivu mchana lakini usiku ilipanda na kushuka. Aliwaza kwamba huenda mpokeaji anafikiwa na mawimbi mawili kutoka mtambo mmoja: moja limetambaa ardhini, jingine limepanda juu na kurudishwa. Ni kama watu wawili wanaoshika kamba moja. Wakivuta upande mmoja nguvu huongezeka; wakivuta kwa kupingana, kamba haisogei. Kufifia, basi, kungekuwa kipimo cha umbali ambao wimbi la pili limesafiri.

Usiku wa tarehe 11 Desemba 1924, yeye na mwanafunzi wake kutoka New Zealand, Miles Barnett, waliazima mtambo wa BBC wa Bournemouth baada ya vipindi kwisha. Masafa ya mtambo yalibadilishwa polepole, nao wakiwa Oxford, zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo, wakahesabu mara ngapi ishara ilipanda na kushuka. Hesabu ilileta jibu: tabaka lilikuwa kiasi cha kilomita 100 juu. Baada ya miaka miwili hivi aligundua tabaka jingine juu ya hilo, zaidi ya kilomita 200 kutoka ardhini. La kwanza aliliita E na la pili F, akiacha herufi za mwanzo kwa matabaka ambayo huenda yangegunduliwa baadaye. Uangalifu huo ulizaa matunda, kwani tabaka la chini zaidi likaja kuitwa D.

Tabaka hilo la chini ndilo linalomfisha msikilizaji hamu karibu na ncha za dunia. Katika Mwaka wa Kimataifa wa Ncha za Dunia wa 1932 hadi 1933, Appleton aliongoza msafara hadi Tromsø, kaskazini mwa Norway, mahali ambapo aurora, ule mwanga wa kijani na mwekundu, hucheza angani usiku. Waligundua kwamba wakati wa dhoruba za sumaku mwangwi wa redio haukudhoofika tu, bali ulitoweka. Chembe kutoka juani hupenya hadi chini ya matabaka yanayorudisha mawimbi, zikazalisha elektroni mahali ambapo hewa bado ni nzito, na wimbi likamezwa kabla ya kufika linakokwenda.

Kwa wapenzi wa redio ya ridhaa wanaotumia masafa ya chini, yenye mawimbi ya urefu wa zaidi ya mita 2,000, athari huja kwa namna nyingine. Mawimbi hayo hurudishwa na ukingo wa chini kabisa wa ionosfia. Dhoruba ikiushusha ukingo huo, usiku huanza kufanana na mchana, na ishara zinaweza kubaki hafifu kwa siku kadhaa baada ya aurora kuzimika. Baharia au rubani wa kaskazini aliyetegemea redio pekee angeweza kupotewa na mawasiliano saa aliyoyahitaji kuliko zote.

Niboye haina aurora. Hata hivyo ugunduzi wa Appleton unaoihusu zaidi ulikuja mwaka 1946. Alipolinganisha vipimo vya vituo vya nchi nyingi, aliona kwamba tabaka la F si zito zaidi juu ya ikweta ambako jua ni kali, bali pande zake mbili, na ikweta yenyewe ni ile ya sumaku, ambayo Afrika Mashariki hupita Ethiopia. Elektroni huinuliwa hapo mchana, kisha humwagika kusini na kaskazini kama maji ya chemchemi. Kigali iko upande wa kusini, karibu na zinakoangukia. Baada ya magharibi tabaka hilo huchafuka na kutokwa na mapovu, na ishara zinazolipitia hutetemeka, zikiwamo za setilaiti zinazoielekeza simu njia.

Wakati huo Appleton alikuwa ameshaiacha maabara. Tangu 1939 aliongoza idara ya serikali ya utafiti, akiwa na dhamana katika kazi za siri za vita, zikiwamo za bomu la atomiki. Tuzo ya Nobel ya Fizikia aliipata mwaka 1947, na kuanzia 1949 aliongoza Chuo Kikuu cha Edinburgh. Alifariki dunia akiwa bado madarakani, tarehe 21 Aprili 1965.

Mwaka huohuo kituo cha Deutsche Welle cha kurushia matangazo kwa masafa mafupi kilianza kazi Kinyinya, upande wa pili wa Kigali kutoka Niboye. Kwa nusu karne antena zake zilielekeza sauti kwenye matabaka aliyoyapima Appleton, hadi zilipozimwa Machi 2015.